Wimbo wa Kuimbwa Mara Mbili

Cheti cha ualimu cha chuo chetu kilitakiwa kuwa na sahihi nne, na nilipofika mwaka wa mwisho mie nilikuwa na tatu. Nilizihesabu mara mbili. Ndivyo nilivyo, hata nikipewa maandazi matatu nahesabu kwanza, nakula, kisha nahesabu tena nione kama kuna lililosalia.

Sahihi ya masomo ilikuwapo. Ya tabia ilikuwapo, ingawa aliyeitia alishika kalamu kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Ya shamba la mihogo ilikuwapo. Iliyokosekana ni ya kundi. Kila mwanafunzi alilazimika kuwa ndani ya kundi mojawapo: mpira, skauti au mchezo wa nyimbo. Bila kundi hakuna sahihi, bila sahihi hakuna cheti, na bila cheti nilikuwa narudi Temeke kwa mjomba wangu kusukuma baiskeli ya mkaa kutoka Chamazi. Kazi hiyo nilikwisha kuifanya likizo mbili, na sikuona nilichokisahau huko hata nikirudie.

Mpira walinijaribu golini. Nilisema nimefungwa saba, nahodha akasema tisa. Tukakaa chini tukahesabu pamoja, bao moja moja, yakatoka kumi. Skauti nako hatukuelewana na kiongozi. Alitufundisha kwamba skauti anatenda jema moja kila siku, nami nikamuuliza kwa adabu kabisa kama mtu akitenda mema mawili Jumatatu anaweza kupumzika Jumanne. Akasema moyo wa skauti hauulizi hivyo. Basi, wangu ulikuwa umekwisha kuuliza.

Ukabaki mchezo wa nyimbo.

Wakati ule Mwingereza bado anatutawala, na kitu alichokichukia kuliko vyote hapa Dar es Salaam, kuliko hata sisi, kilikuwa mbu. Ilitangazwa siku ya maonyesho ya afya, na chuo chetu kikaombwa kitoe mchezo wa kufundisha wananchi. Mwalimu wetu wa muziki, mtu wa bara kutoka milimani huko kwenye baridi, ambako habari za mbu husimuliwa tu, aliutunga mchezo mzima kwa wiki mbili kwa kinanda chake cha kukanyaga. Alikuwapo Mbu Jike, ambaye ndiye mkubwa wa mchezo, alikuwapo Homa, alikuwapo Bwana Afya, na walikuwapo viluwiluwi kumi na wawili wa kuitikia.

Kila anayetaka kuingia alitakiwa kuleta nyimbo mbili, mmoja wa pole na mmoja wa haraka, aziimbe mbele ya Mwalimu. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, hakuna nyimbo za kanisani wala kasida. Mwaka uliotangulia walikuja watu thelathini na mmoja, na ishirini na sita wakaimba wimbo uleule wa Pasaka. Inasemekana Mwalimu alilia, na si kwa imani. Kasida alizikataza kwa ajili ya haki, ili upande mmoja usinung'unike. La pili, wimbo ukishaimbwa na mtu, mwingine haruhusiwi kuuimba.

Masharti haya yaliwaumiza sana wenzangu wa bara. Walikuwa watoto wa makatekista na walimu, wana sauti za kubomoa ukuta, lakini toa nyimbo za kanisani na hawakuwa na kitu kingine kinywani. Mie nimekulia Temeke, uani kwa Shangazi, katikati ya watu wa kila namna. Nilikuwa na nyimbo za harusi, za kukuna nazi, za wavuvi wa Kunduchi, za wachonga vinyago waliotoka kusini, za vyama vya ngoma, na za watoto kuchekana mtu anapokojoa kitandani. Nilipoona bwenini watu wanazunguka kama kuku waliofungiwa nje, nikaketi kitandani kwangu, nikajisafisha koo, nikaimba kipande kidogo tu.

Mtu wa kwanza alinijia kabla sijamaliza kukunja shuka.

Sikuuza kwa fedha. Wanafunzi hawakuwa nazo, na mwenye nazo hana shida ya kuimba. Wimbo wa nazi niliutoa kwa matuta manane ya mihogo kulimiwa. Wa wavuvi ulikwenda kwa maharage ya Jumamosi mwezi mzima. Wimbo mmoja wa harusi, mzuri, wa pole, walioimbiwa mama yangu na baba yangu siku walipooana, niliutoa kwa kupigiwa pasi mara nne, baada ya mnunuzi kuanza na mara mbili na mie kuanza na kumi. Kila mnunuzi nilimfundisha mpaka akaweza, tena kwa subira, maana mtu wa milimani ukimfundisha wimbo wa pwani anauvisha viatu kwanza.

Siku mbili kabla ya mtihani nililala chali nikihesabu nyimbo zilizobaki kwangu. Nikapata mmoja. Wa haraka, ule wa kumcheka kikojozi. Nikahesabu tena, nikapata huohuo. Nyimbo za pole nilikuwa nimeziuza zote. Shamba langu limelimwa, nguo zangu zimenyooka kama za karani wa bomani, na wimbo wa pole sina.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa uani amekalia kibao, anapepeta mchele. Nyuma yake ilijipanga mitungi yake ya maji, saba, iliyojulikana mtaa mzima kwa sababu kila Alhamisi Bwana Afya wa kweli, yule wa manispaa, alikuja kuichungulia. Nitamweleza huyo bwana baadaye kidogo. Nikaamkia, nikaketi, nikaeleza shida yangu.

Akanitajia nyimbo kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo. Ule wa wavuvi? Umekwenda. Ule wa kumbembeleza mtoto? Umekwenda. Ule wa harusi ya mama yako?

Nikatazama mchele.

"Umeuza wimbo wa harusi ya mama yako?"

"Kwa kupigiwa pasi, Shangazi."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Akapepeta kidogo. "Ningekupigia pasi mie," akasema, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Ulibaki wimbo mmoja ambao hakuutaja, nami nikautaja. Lazima nieleze kwamba Shangazi alikuwa fundi wa ngoma ya pepo. Mtu akisumbuliwa na pepo, analetwa kwake. Unafukizwa ubani, inapigwa ngoma, na unaimbwa wimbo wa pepo yule, kwa kuwa kila mmoja ana wake na haji kwa wimbo wa mwenzie. Akija, anapanda kichwani kwa mgonjwa, anazungumza kwa kinywa cha mgonjwa, anasema anachokitaka. Hapo wanapatana bei. Mara nyingi pepo huanza na ng'ombe, na Shangazi humshusha mpaka kuku. Mie nimekua nikisikiliza hayo kupitia ukuta wa makuti, na watu wanaoniuliza nilijifunzia wapi kupatana bei huwa sina haja ya kuwajibu sana.

Katika nyimbo zote za pepo kulikuwa na mmoja mzuri mno, wa pole, wa mzee mmoja wa zamani ambaye hakuwa ameitwa miaka mingi. Maneno yake machache:

*Mkeka tumetandika, mgeni hajaketi.*
*Yu wapi mgeni? Mgeni yu wapi?*

Shangazi akaweka ungo chini. "Ule si wimbo," akasema. "Ule ni mwito."

Nikamwambia chuoni hakuna ngoma. Nikamwambia hakuna ubani, kuna chaki tu. Nikamwambia hakuna hata mtu wa pwani mle ndani, ni watu wa bara watupu, pepo atapata taabu hata ya kusalimiana nao. Nikamweleza habari ya sahihi ya nne, na ya baiskeli ya mkaa. Hapo akashusha pumzi.

"Mara mbili," akasema. "Ya kwanza anasikia. Ya pili anageuka. Ya tatu anakuja. Utauimba mara mbili, uufunge."

"Na nikiimba mara mbili na nusu?"

Akachukua punje ya mchele yenye ganda, akanirushia usoni. Nikaelewa kwamba ni mbili.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye benchi ndani ya darasa kubwa, tisa tuliobaki wa mwisho. Mwalimu alikuwa kwenye kinanda. Kando yake, kwenye kiti cha mikono, alikaa Bwana Afya. Manispaa ilimleta ahakikishe mchezo hausemi uongo juu ya mbu, na ilikwisha kuamuliwa kwamba siku ya maonyesho atacheza sehemu yake mwenyewe, ili wananchi wamzoee.

Hapa ndipo pa kumweleza. Alikuwa mtu wa makamo, kofia nyeupe ngumu, kaptula iliyopigwa pasi ikatoa makali, soksi mpaka magotini, na baiskeli yenye debe la mafuta ya kumwagia madimbwi. Temeke yote ilimwogopa. Aliingia ua wa mtu, akasalimia vizuri, akafunua mtungi, na akikuta viluwiluwi alikuandika daftarini kwa faini. Waganga ndio hasa hakuwapenda. Kila Jumatano alitufundisha chuoni, na kila Jumatano alimaliza kwa maneno yaleyale: homa haina jini, homa ina mbu. Alipomwambia hivyo Shangazi mbele ya mitungi yake, Shangazi alimpa maji ya kunywa kutoka mtungi huohuo aliokuwa akiukagua, naye akayanywa.

Wenzangu wakaimba. Nilikaa nikisikiliza mali yangu inapita moja moja. Wimbo wa wavuvi ulipigwa kwa sauti ya kwaya, kama mashua ile ingefika mbinguni. Yule wa wimbo wa harusi, kijana mrefu kutoka huko juu, aliuimba kwa macho yaliyofumbwa, pole, vizuri kuliko nilivyomfundisha, na Mwalimu akaandika maneno mengi. Nikajisikia kama mtu aliyeuza nyumba akapita jioni akaona taa imewashwa ndani.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza na kikojozi, wakacheka, vizuri. Kisha nikasimama wima nikaimba wa pole.

Ikawa moja. Mwalimu akageuka mzima kwenye kigoda chake. Akasema ni wimbo wa kukaribisha wageni, ndio unaofaa kabisa kufungulia mchezo mbele ya wakubwa. Niurudie, aushike kwenye kinanda. Nikaurudia. Ikawa mbili. Nikafunga mdomo, nikapiga hatua nyuma kuelekea kwenye benchi.

"Tena," akasema Mwalimu. "Hapo kwenye *yu wapi mgeni* umenipotea. Mara ya mwisho."

Nikamwambia kwamba kwetu wimbo huo huimbwa mara mbili. Akaniuliza kwa upole kama nataka kuingia kwenye mchezo au sitaki. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na karatasi yenye jina langu ilikuwa juu ya kinanda, haijaandikwa kitu.

Nikapiga hesabu. Mle ndani tulikuwa kumi na mmoja. Wanafunzi wanane wa bara. Mwalimu, wa bara. Mie, ambaye sijawahi kupandwa na chochote isipokuwa siafu. Bwana Afya. Nikahesabu tena ili nisimwonee mtu, na Bwana Afya nikamweka upande wa Serikali. Hapakuwa na mtu wa kuitwa. Nikaimba mara ya tatu.

Nilipofika *mgeni yu wapi*, kofia nyeupe ikaanguka chini.

Bwana Afya alikuwa ameshika mikono ya kiti na anatetemeka kuanzia kwenye soksi. Kutetemeka kulipanda magotini, kukaingia kwenye kaptula, kukafika mabegani. Meno yakagongana kama mtu anayehesabu vijiko. Kisha akatulia, akakaa vingine kabisa, amelegea kama mzee aliyekaa barazani kwake, akafungua jicho moja.

"Nani ameita?" akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na ya taratibu, na haikuwa na haja na sisi.

Wanafunzi kwenye benchi walifurahi mno. Mwalimu aliinama akaninong'oneza bila kuacha kukanyaga kinanda: "Tazama mtaalamu. Anatuonyesha Homa inavyochezwa." Akaanza kumfuatisha kwa sauti za chini za kinanda, za kutisha.

Mie peke yangu nilijua kilichotokea, na nilijua kwamba pepo aliyeitwa asipopokelewa haondoki. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Karibu. Nimekuita mie, kwa makosa."

"Marahaba. Makosa yako yana mkeka?"

Mkeka hapakuwa. Nikatandika ramani ya Afrika ya darasani, upande wa nyuma. Akaitazama, akaweka miguu juu yake. Kisha akaanza kutaja. Alitaka mbuzi mweupe. Alitaka kanzu ya darizi. Alitaka marashi chupa mbili na ngoma siku tatu. Nilisikia mgongo wangu unanyooka wenyewe. Hofu ilikuwapo, sikatai, lakini nilikuwa nimefika mahali ninapopajua.

"Mzee," nikasema, "hapa ni chuoni."

"Mbuzi mweupe."

"Yai, mzee."

"Yai la nini?"

"Jeupe."

Lile jicho moja likanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa mzee aliyezoea kuombwa, hakuzoea kushushiwa. Kwenye benchi mtu alicheka mpaka akashika tumbo. Kanzu tukaiteremsha ikawa leso. Marashi akakataa katakata kushuka, nikakubali chupa moja, naye akakubali kama vile alikuwa anataka moja tangu mwanzo. Ngoma ya siku tatu ikawa ya alasiri moja, kwa Shangazi yangu Temeke, kabla ya siku saba. Nikamtajia Shangazi ni nani. Akasema anamfahamu, huyo ni mgumu kuliko wewe.

Nikadhani tumemaliza. Ndipo akanyoosha mkono, akaonyesha kinanda.

Nikamwambia kinanda si changu, kimekuja kwa meli, kina orodha yake. Akasema hakitaki chote. Tukazungumza. Tukakubaliana akibonyeze mara moja, kidole kimoja. Akainuka, akamwendea Mwalimu, ambaye alimpisha kwa heshima kubwa huku akiendelea kukanyaga. Akaweka kidole juu ya kibao kimoja cha katikati, akakibonyeza, akakiachia kilie. Kililia. Aliinamisha kichwa kusikiliza, akitabasamu kama mtoto. Mwalimu alipochoka miguu, sauti ikafifia yenyewe, na Bwana Afya akaketi chini sakafuni kama gunia lililofunguliwa kamba.

Darasa zima likapiga makofi.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaona kofia yake chini. Akaona ramani. Kisha akaniona mie nimepiga magoti, na uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu alitambua mtu aliyepiga magoti namna ile anafanya kazi gani.

"Bwana," akasema Mwalimu, machozi yakimlengalenga, "tangu nizaliwe sijaona homa kama ile."

Bwana Afya akaokota kofia, akaipangusa vumbi polepole. "Ndivyo inavyokuwa," akasema. "Ndivyo homa inavyokuwa, Mwalimu."

Papo hapo Mwalimu akaandika kwenye karatasi yangu. Mie ndiye Mbu Jike. Na wimbo wangu ndio utakaofungua mchezo siku ya maonyesho, utaimbwa na chuo kizima, na ngoma zitaletwa, mara tatu kamili, wakati wakubwa wa Afya wanaingia na kuketi mbele. Bwana Afya ataketi pamoja nao, mkono wa kulia wa mkubwa wake, mpaka zamu yake ya kucheza itakapofika.

Nikatoka nje nikiwa na sahihi ya nne mfukoni, yaani karibu. Nilifika kwenye tangi la maji. Alikuwa amesimama pale na baiskeli yake, analikagua tangi, ingawa alikuwa amelikagua asubuhi.

Akaniuliza mie ni wa wapi. Nikasema Temeke. Akauliza kama shangazi yangu ndiye yule mwenye mitungi sita. Nikasema saba. Akatikisa kichwa, akafunika tangi vizuri, akajaribu kifuniko kwa mkono.

"Yule mzee alikuwa pepo wa mama yangu," akasema. "Mama alipofariki, akabaki hana kiti, hana kichwa cha kupanda, akanichukua mie. Sikumwomba. Miaka kumi na moja hajaitwa. Nilidhani amesahau."

Akaniambia kwamba kazini kwake hakuna anayejua, na wakijua hawatamwondoa siku hiyohiyo, watamcheka kwanza. Mkubwa wake ataisimulia hadithi hiyo klabuni, na kila ua atakaoingia Temeke watu wataitikia *yu wapi mgeni* kabla hajafunua mtungi. Halafu ndipo watamwondoa.

"Kijana," akasema, "ule wimbo usiimbwe."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kuuliza yeye anatoa nini. Ni desturi ya mdomo wangu, unafunguka wenyewe. Nikamwona ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, kama anayeshikilia kitu kisianguke. Nikaufunga. Hiyo ni mara moja maishani mwangu. Nimejaribu kukumbuka ya pili sijaipata.

"Hautaimbwa," nikasema, nikamtajia na deni nililoliahidi: ngoma ya alasiri moja, kwa Shangazi.

Nikarudi kwa Mwalimu, nikamwambia mwenye wimbo amekataa, na haukuwa uongo. Shangazi alikataa tangu awali. Mwalimu alihuzunika, akauliza kama nina mwingine wa pole wa kufungulia. Nikasema sina, nimeziuza. Akaniuliza kwa nani, maana mwenye wimbo wa kufungulia ndiye Mbu Jike. Basi Mbu Jike akawa yule kijana mrefu kutoka milimani, na mchezo ukafunguliwa kwa wimbo wa harusi ya mama yangu, uliopatikana kwa kupiga pasi mara nne, ambazo mbili nilikuwa bado namdai. Viluwiluwi walikuwa wamekwisha kutimia kumi na wawili. Niliwahesabu mara mbili. Mfukoni mwangu sahihi zikarudi tatu.

Jumamosi ile Bwana Afya alikuja Temeke, siku ambayo si ya ukaguzi. Majirani walifunika mitungi mpaka ya jirani zao. Akaegesha baiskeli, akaingia uani kwa Shangazi akiwa na kofia na daftari, mlango ukafungwa, na mie nikawekwa nje niwaambie watu kwamba ukaguzi wa leo ni wa kina. Walikuwamo mabibi watatu tu wenye kujua kunyamaza. Nilileta yai, jeupe, na leso, na marashi chupa moja. Ngoma ilipigwa kwa viganja juu ya ndoo, chinichini, na ukaguzi ukachukua alasiri nzima. Alipotoka alikuwa ananukia kama bibi harusi. Mama mmoja wa mtaani akaniuliza kama siku hizi Serikali inaua mbu kwa marashi. Nikasema wanajaribu.

Jumatatu Mwalimu aliniita. Akasema Bwana Afya amemwandikia barua kwamba mchezo wake una kosa kubwa la kitaalamu: unaonyesha viluwiluwi kumi na wawili lakini hauonyeshi wanaishi wapi. Mchezo wa mbu bila dimbwi, aliandika, unapotosha umma. Ameshauri awekwe mtu mmoja wa kuwa Dimbwi, atulie chini mwanzo mpaka mwisho, na asiimbe kitu chochote kwa hali yoyote. Mistari miwili ilikuwa imepigwa chini ya maneno ya mwisho.

Ndivyo nilivyopata kundi. Siku ya maonyesho nililala mbele ya wakubwa chini ya blanketi la kijivu, viluwiluwi kumi na wawili wakinirukaruka mgongoni, wawili kati yao wakiwa na viatu. Mkubwa wa Afya alisema baadaye kwamba Dimbwi lilikuwa la kuaminika. Mwalimu akatia sahihi siku hiyohiyo, juu ya goti lake, na mie nikawa mwalimu miaka ishirini na saba.

Lakini kabla ya hapo, mchezoni, ilifika zamu ya Bwana Afya kuingia na debe lake kuniua. Alikuja kwa hatua za Serikali, akainama, akaanza kunimwagia maji taratibu kuanzia miguuni, kama anavyofanya kwenye dimbwi la kweli, asiruke mahali. Alipofika kichwani akasema kwa sauti ya kwangu peke yangu:

"Mitungi ya shangazi yako miwili haina vifuniko. Jumamosi sikutaka kuandika."

Dimbwi halikuandikiwa neno hata moja. Nikajibu kutoka chini ya blanketi.

"Mmoja, Bwana. Nimehesabu mara mbili."